Muulize Mwalimu wa Kwaya: Kinachosafiri ni nota

Barua za mwezi huu nimezisoma mara mbili mbili. Nne kati ya nilizopokea zinagusa jambo moja, nalo ni jambo ninalolipenda kwa miaka mingi bila kupata wa kuzungumza naye: okestra zinazozunguka dunia zikipiga muziki wa gemu. Nimeziweka pamoja.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo na ninaishi Nyegezi. Usiku huwa naangalia kwenye simu video za okestra kubwa za Ulaya na Marekani zikipiga muziki wa gemu nilizocheza tangu utotoni. Ukumbi umejaa, wengine wanatokwa na machozi. Nilipowaonyesha wenzangu hosteli wakacheka, wakasema huo ni mziki wa watoto. Je, kweli ni muziki wa kupigwa na okestra? Na ziara kama hizo zinaweza kufika Mwanza siku moja? – Kijana wa Nyegezi

Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza mimi nilijibiwa mwaka 1996, nikifundisha kwaya ya vijana Kirumba. Mwimbaji wangu wa sauti ya nne alikuwa hajaonekana mazoezini wiki mbili. Nikaambiwa yuko kwenye kibanda cha gemu, njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni. Nikamfuata huko. Kibanda cha mabati, harufu ya dagaa imetanda mpaka ndani, runinga ndogo juu ya meza, mashine ya gemu ya kaseti, vijana wamekalia kreti za soda. Kwenye kioo Mario, yule mhusika wa gemu, alikuwa ndani ya maji akikwepa ngisi. Nilikuwa nimekwenda kugomba, lakini kabla sijafungua mdomo nikausikia muziki: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mapigo matatu, yale yale tunayoimbia baadhi ya nyimbo za Bikira Maria mwezi wa tano.

Nikaomba penseli, nikageuza karatasi ya wimbo wa komunyo niliyokuwa nayo mfukoni, nikaanza kuandika. Tabu ikawa yule kijana anakufa kila baada ya muda mfupi, na muziki unakatika palepale ninapoanza kuushika. Nikalipia raundi mimi mwenyewe. Nikamwambia: shuka mpaka chini mchangani, tulia, usiende popote. Akatulia. Mario kasimama chini ya maji, ngisi wanapita juu yake, mimi naandika. Lakini gemu ile muda ukibaki kidogo huuharakisha wimbo wake. Muziki ukaanza kukimbia, mkono wangu ukaachwa nyuma, na mistari miwili ya mwisho ikabaki tupu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai.

Nilipoisoma nyumbani usiku ule nikaona kilichonivuta. Zilikuwa sauti tatu zilizopangwa kwa akili sana. Mashine ya Nintendo ya wakati ule, ambayo ile ya Kirumba iliiga, ilikuwa na nafasi mbili za sauti za juu, moja ya sauti laini iliyotumika kama besi, moja ya mchakacho unaofanana na kayamba, na ya tano ya vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, alikuwa na sauti tatu na kayamba, na kwa hizo ilimpasa amshike mchezaji asichoke. Kwaya ya kigango yenye sauti nne ina zaidi ya alichokuwa nacho. Mwenye kidogo hawezi kuficha wimbo mbaya nyuma ya kelele. Lazima wimbo wenyewe uwe mzuri. Ndiyo maana nyimbo zile, zikivishwa fidla na matarumbeta, zinabeba.

Nikawafundisha vijana wangu kwa «la la la», bila maneno. Tulifika mwisho wa ukurasa, na hapo ndipo nikagundua kwamba mwisho haupo. Tukarudi mwanzo. Tukafika tena, tukarudi tena. Mara ya nne sauti ya kwanza wakaniangalia kama watu wanaouliza njia. Muziki wa gemu hutungwa hivyo kwa makusudi: mtunzi hajui mchezaji atakaa hapo dakika moja au saa zima, kwa hiyo wimbo unazunguka. Sisi Usukumani hilo si geni. Ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe, hupigwa huku watu wakilima, nayo haimalizwi na mpiga ngoma, inamalizwa na shamba. Ukienda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ukaitazama ikichezwa uwanjani mbele ya wageni, utaona mtu amelazimika kuitungia mwisho. Kazi hiyohiyo ndiyo anayoifanya mpangaji wa muziki wa gemu kwa okestra. Anachukua wimbo unaozunguka, anauwekea mwanzo, anaupandisha, anaushusha, halafu anauambia uishie wapi. Mimi nimeifanya kwa kwaya, na nakuambia ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Waambie wenzako wa hosteli kwamba mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo wa Mario katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa lile. Ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo.

Historia yake nitakupa kwa kifupi. Wajapani ndio walioanza. Mwaka 1987 mtunzi Koichi Sugiyama aliupeleka muziki wake wa gemu ya Dragon Quest ukumbini Tokyo, ukapigwa na wapiga vyombo halisi mbele ya watu waliokaa kwa heshima kama wanavyokaa kumsikiliza Beethoven. Ikachukua miaka 16 jambo hilo kutoka nje ya Japani. Mwaka 2003, Leipzig, Ujerumani, ndani ya ukumbi wa Gewandhaus, okestra ya Kicheki ilipiga muziki wa gemu. Leipzig ndiyo mji ambao Johann Sebastian Bach alifundisha kwaya ya kanisa kwa miaka 27, basi ukiwa mwalimu wa kwaya habari hiyo inakukaa moyoni. Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Julai 2005 Video Games Live, onyesho la okestra la muziki wa gemu, ilifungua ziara yake Hollywood Bowl, Los Angeles, watu wapatao 11,000 wakahudhuria. Desemba 2007 ziara ya Distant Worlds, ya muziki wa gemu za Final Fantasy, ikaanzia Stockholm. Mwaka 2012 ikaja ziara ya muziki wa gemu za Zelda. Agosti 2022 tamasha la Proms la BBC, ndani ya Royal Albert Hall, London, likatenga usiku mzima kwa muziki huu kwa mara ya kwanza. Na kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mataifa yaliingia uwanjani muziki wa gemu ukipigwa, bendera yetu ikiwamo. Wengi tuliitazama bendera bila kujua tunasikiliza nini.

Sasa swali lako la pili, la ziara kufika Mwanza. Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu watu wengi wanadhani ziara ya namna hii ni watu 80 wanaopanda ndege na fidla zao. Mara nyingi sivyo. Kinachosafiri ni nota. Anasafiri mwongozaji, pengine na mwimbaji mmoja au wawili na mtu wa picha na mitambo, pamoja na masanduku ya makaratasi. Okestra ni ya mji wenyewe. Kwaya ni ya mji wenyewe. Wanakutana na mwongozaji kwa mazoezi machache, wakati mwingine siku moja au mbili tu kabla ya onyesho, wanasoma walichowekewa mbele, na jioni wanapiga. Pale picha za kwenye skrini zinapotakiwa kwenda sambamba na muziki, mwongozaji huvaa kisikilizi sikioni chenye mlio unaomhesabia mapigo, naye hawezi kuchelewa hata kidogo. Kwa hiyo wapigaji hawana muda wa kufundishwa wimbo kwa sikio, mstari kwa mstari, kama tunavyofanya kwenye kwaya nyingi. Anayesoma nota anakaa kwenye kiti. Asiyesoma anakaa na watazamaji.

Kwa hiyo, mwanangu, ziara haitafika Mwanza mpaka Mwanza iwe na watu wa kuipiga. Ukumbi utapatikana, uwanja wa Kirumba umebeba watu wengi kuliko Royal Albert Hall. Wapigaji ndio kazi. Tuna sauti, tena nyingi. Pita Jumamosi jioni kuanzia Igoma, Buzuruga, Mabatini mpaka kwenu Nyegezi, kila penye kanisa pana kwaya inafanya mazoezi. Tuna matarumbeta ya harusini, ingawa vijana wengi wa matarumbeta hupiga kwa sikio. Tulichokosa ni nyuzi: fidla, viola, selo. Na tumekosa waalimu wa nyuzi.

Usikate tamaa kwa hilo. Jirani zetu wa Kongo wameshaonyesha njia. Kinshasa kuna okestra ya kanisa la Kimbangu iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi. Walianza na vyombo vichache kuliko watu, wakapokezana fidla, anayemaliza zamu anampa mwenzake. Nyuzi zilipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven kwa kwaya kubwa na vyombo vyote. Hao walikuwa waumini na wanakwaya, kama sisi.

Wewe uko chuo. Tafuta wenzako wanne wanaopenda gemu hizo, mmoja kwa kila sauti na mmoja wa kinanda. Chagueni wimbo mfupi. Mwandike nota zake wenyewe, kwa penseli. Msianze na ule mkubwa unaowaliza watu kwenye video; anzeni na wa maji. Kama mtashindwa kuumaliza, niandikie, nitakuonyesha nilivyoumaliza mimi.

Ndugu Mwalimu, mjukuu wangu aliyetoka Mwanza likizo ananiambia okestra ni watu 80 waliokaa kwenye viti wakipiga fidla kwa makaratasi. Okestra nilizozijua mimi ujanani zilikuwa za watu wachache, magitaa na saksafoni, na tulicheza mpaka alfajiri. Nani yuko sahihi? – Mzee wa Nansio, Ukerewe

Shikamoo mzee wangu. Nyote wawili. Bendi zetu za dansi zilijiita okestra kwa haki kabisa, Orchestra Maquis, Orchestra Safari Sound, na jina hilo halitawatoka. Lakini mwambie mjukuu kwamba hata watu wa kukaa kwenye viti na fidla hatukungoja kuwaona kwenye simu. Zanzibar, kundi la taarabu la Nadi Ikhwan Safaa lipo tangu mwaka 1905: fidla, ala za nyuzi za udi na kanuni, na waimbaji. Akija tena likizo mtafutie taarabu ya zamani aisikilize fidla inavyomjibu mwimbaji. Halafu na yeye akupigie huo muziki wake wa gemu, umsikilize bila kuongea.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Kuna mwenzetu kwenye kwaya anadai kuna wimbo wa gemu ulioimbwa kwa Kiswahili, tena ni sala ya Baba Yetu, na kwamba ulishinda tuzo Marekani. Tumebishana mpaka mazoezi yakaharibika. Ni kweli? Na kama ni kweli, tunaweza kuuimba kwenye Misa? – Mwanakwaya wa Igoma

Milele amina. Ni kweli, na mwenzenu anastahili kuombwa radhi.

Mwaka 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, ambayo mchezaji anajenga taifa tangu zama za mawe. Muziki wa kuifungua aliutunga Christopher Tin, Mmarekani aliyekuwa amesoma Chuo Kikuu cha Stanford na kuishi chumba kimoja na mmoja wa wasanifu wa gemu hiyo. Alichukua maneno ya Baba Yetu kwa Kiswahili. Waimbaji wa kwanza walikuwa kundi la wanafunzi wa Stanford linaloitwa Talisman. Baadaye Tin aliurekodi upya kwa albamu yake ya mwaka 2009, safari hii na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Tarehe 13 Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, katika kundi la upangaji wa vyombo unaomsindikiza mwimbaji. Haukuwahi kutokea muziki wa gemu kushinda Grammy kabla ya hapo. Nawaomba mlitafakari hilo: wa kwanza ulikuwa wa Kiswahili.

Na kwenye ziara za okestra ni miongoni mwa nyimbo zinazorudiwa sana. Video Games Live wameupiga miji mingi, kila mahali kwa kwaya ya mahali hapo. Maana yake kuna wanakwaya wa nchi nyingi, wasiojua kuomba maji ya kunywa kwa Kiswahili, ambao wameikariri sala yetu. Nimesikiliza rekodi zao nyingi. Wanajitahidi kwa moyo, na mimi nawaheshimu. Lakini sikilizeni neno «mbinguni». Wengine wanalipasua, m-bi-ngu-ni, silabi nne, kwa sababu ulimi wao haujazoea kuanza na mb kwa pamoja. Sisi tunasema mbi-ngu-ni, tatu, na uzito unakaa kwenye ngu. Hata mwimba besi wenu ambaye hajui nota hata moja, kwenye neno hilo angeweza kuifundisha kwaya ya London. Siku ziara itakapohitaji kwaya ya wimbo huu pwani ya ziwa hili, jambo moja hatutahitaji kufundishwa.

Kuhusu Misa: sala ya Baba Yetu ndani ya Misa ina maneno yake yaliyoidhinishwa, na Tin ameyarudiarudia na kuyapanga upya kwa ajili ya muziki. Kwa hiyo pale mahali pa sala yenyewe msiuweke. Kama ni tamasha la kwaya au shukrani baada ya ibada, nendeni kwa paroko na nota mkononi, mwonyesheni, mumsikilize atakavyosema. Nota zinauzwa kihalali, changeni mnunue. Mtunzi naye anakula kwa nota, na sisi tunaonakiliwa nyimbo zetu bila ruhusa tunajua uchungu wake.

Mkishaupata, jihadharini na sauti ya tatu. Wimbo una kuitikiana kwingi na mapigo ya ngoma yanayovuta, na wanaume wakinogewa hukimbia. Mshikeni mpiga ngoma kwanza, wengine watamfuata.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Buzuruga. Mwanangu wa miaka 13 anamaliza nauli ya shule kwenye kibanda cha gemu. Sasa ameibuka na jipya, anataka nimnunulie fidla, eti apige muziki wa gemu kama wazungu aliowaona. Baba yake amewaka. Nimnunulie au nimchape? – Mama wa Buzuruga

Nzuri, dada yangu, na pole kwa kazi ya moto na masufuria.

Usimchape, na usimnunulie. Nauli ni jambo moja na fidla ni jambo jingine, wala usiyachanganye. Nauli ya shule ikiliwa kibandani, ailipe kwa kazi, hapo kwako vyombo vya kuosha havikosekani. Ila asiambiwe kwamba muziki ndio kosa lake, kwa sababu atakuamini, na hapo utakuwa umemfungia mlango ambao pengine ndio wake.

Fidla isubiri. Za bei rahisi nilizoletewa na wazazi nyingi zilikuja na kibao kinachobeba nyuzi kimepinda na vigingi visivyoshika. Mtoto anakaza, zinalegea, anakaza tena, uzi unakatika, na hapa mjini kupata mwingine ni safari. Ndani ya mwezi kitu kiko juu ya kabati.

Fanya hivi. Jioni moja ukishafunga biashara, mwambie akuimbie huo muziki anaoupenda. Ataimba sauti ya juu, kila mtu huimba hiyo. Akimaliza mwambie: sasa niimbie kinachopita chini yake. Mtazame. Kama hajui unasema nini, basi anapenda gemu, na hakuna ubaya, ni mtoto. Lakini akinyamaza kidogo, akatafuta, halafu akaanza kukuimbia besi, dada yangu, huyo amekuwa akisikiliza kweli muda wote ule aliokuwa kibandani. Mtunzi wa nyimbo za Final Fantasy, Nobuo Uematsu, alijifunza kinanda peke yake bila mwalimu, na leo nyimbo zake zinaimbwa kwa Kilatini na kwaya kubwa. Mtu huanza kwa kusikia kilicho chini.

Akiimba besi, mpeleke kwenye kwaya ya watoto ya kanisani kwenu au ya jirani, lakini uliza kwanza kama mwalimu wao anafundisha kwa nota. Kama hafundishi, tafuta kwingine, hata kama ni kituo kimoja cha daladala mbali zaidi. Asome miezi sita. Baba yake naye aende siku moja akae nyuma asikilize, hasira nyingi za wazazi nimeziona zikiishia kwenye benchi la nyuma. Fidla mtaizungumza baada ya hapo.

Na ile karatasi yangu ya 1996, ile mistari miwili nimeiacha tupu mpaka leo. Huwa natoa nakala, nampa kila mwanafunzi mpya, namchezea wimbo kwenye simu, naye anaijaza kwa sikio lake. Wengine huchukua wiki, msichana mmoja wa Mabatini alichukua dakika kumi. Mwanao akishajua mistari mitano na nafasi nne za kuandikia nota, nitumie ujumbe kupitia gazeti hili, nitampelekea nakala yake. Awe na penseli na kifutio.